Mzinga Ulionyamaza Barabara ya Hombo

Sehemu ya Kumi na Moja

Kilichotoka ndani ya kile kitambaa hakikuwa risasi, wala pete, wala picha ya mwanamke mwingine, ingawa najua wengi wenu mmebishana wiki nzima.

Kilikuwa kipande cha chuma. Kirefu kama kidole, chembamba upande mmoja, kimepakwa grisi iliyokauka ikawa rangi ya kahawa.

Agathe alikiweka mezani kati ya mkasi na vipande vya kitenge, akarudisha mikono mapajani. Yeye ni fundi wa nguo pale Muhumba, mjini Bukavu, na ni mjane wa miaka mitano. Sac ya marehemu mumewe, Télesphore, begi lake la jeshini, ilikaa chini ya kitanda miaka yote hiyo bila kufunguliwa. Aliifungua juzi kwa sababu panya walikuwa wameanza kuitafuna, akakikuta kitambaa hicho.

"Shemeji," akamwambia Luc, "hii njo nini?"

Luc alikijua. Kwa ajili ya kipande kama hicho alikuwa amelala gerezani miaka mitatu na miezi minne.

Anayetukuta njiani leo tusimwache nyuma. Luc alikuwa mpiga mzinga ndani ya blindé, gari la chuma la jeshi, lenye mzinga mdogo unaoitwa mortier. Mortier ya kawaida husimamishwa chini, askari akadondosha kombora mdomoni mwake huku kifua chake kikiwa wazi. Ile ya gari ni nyingine. Imetengenezwa nyepesi ili gari liibebe, na hujazwa kwa nyuma, mpigaji akiwa amejifungia ndani ya chuma. Anaingiza kombora, anafunga, anavuta. Ndipo kipande kidogo wanachokiita percuteur kinaruka na kugonga kitako cha kombora.

Bila percuteur, mzinga mzima ni bomba la maji.

Asubuhi ile, juu kidogo ya Bunyakiri, kwenye barabara ya Hombo, gari lao liliviziwa konani kabla halijafika lilikotumwa. Luc alivuta mara tatu. Mara tatu alisikia mlio mkavu, basi. Télesphore, aliyekuwa dereva, alifungua kifuniko chake ili aone nyuma na kurudisha gari. Risasi ikamkuta hapo. Luc alimvuta ndani kwa mshipi, akashika usukani mwenyewe, akalirudisha gari huku miguu ya rafiki yake ikiwa juu ya mapaja yake.

Jioni mzinga ukakaguliwa. Ukakutwa mzima, percuteur iko mahali pake. Luc aliapa kwamba mzinga ulikataa. Mahakama ya jeshi ikasema mzinga haukukataa, aliyekataa ni yeye. Woga mbele ya adui, ndivyo walivyoandika, na tangu siku hiyo kule Cimpunda, mtaani kwake, wanamwita Papa Kimya.

Kumbe percuteur zilikuwa mbili.

Luc alimweleza Agathe hayo yote polepole. Agathe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema lile ambalo Luc mwenyewe alikuwa anaogopa kulifikiria.

"Ilikuwa mu sac ya bwana yangu. Basi ni yeye njo aliitosha kule mu mzinga. Alikuuza, na yeye mwenyewe akafia mu ile mutego."

Luc akainua macho ukutani, kwenye picha ya Télesphore aliyevaa koti la harusi. Siku ya harusi ile Luc ndiye aliyekuwa shahidi wake. Miaka mitano alikuwa amemlilia mtu huyu. Gerezani alimwombea kabla ya kujiombea mwenyewe. Na sasa, kwa dakika nzima, alimchukia mpaka meno yakamuuma.

Halafu akaona karatasi.

Ilikuwa imegandia ndani ya kitambaa kwa sababu ya grisi, kipande cha daftari la mistari ya miraba, kimechanwa kwa rula. Luc akakibandua kwa ukucha. Juu yake paliandikwa kwa kalamu ya risasi: Engin 4, 19/8, 17h. Engin 4 ndilo lilikuwa gari lao, na ile saba ilikuwa na mkia mrefu na mstari katikati.

Luc alikuwa na saba kama hizo nyumbani kwake, sanduku zima. Zilikuwa kwenye tarehe za barua alizoletewa gerezani kila mwezi.

"Télesphore hakuandika hii," akasema.

Agathe akamwuliza ni nani basi. Luc akaomba amwachie siku hii ya leo tu, atarudi na jina. Agathe hakupenda. Alisema mumewe alikuwa amekufa mara moja, na dakika chache zilizopita amemwua mara ya pili kwa mdomo wake mwenyewe. Hakutaka kulala na jambo hilo. Kama hatapata jina kabla ya jioni, kesho asubuhi chuma kile kitakuwa juu ya meza ya auditeur, mwendesha mashtaka wa jeshi, na auditeur atafute mwenyewe.

Alibaki na chuma. Luc akaondoka na karatasi.

*

Papa Honoré alikuwa fundi wa silaha wa kikosi chao. Sasa amestaafu, anatengeneza vinu vya unga katika banda moja nyuma ya soko la Kadutu. Kila kitu anachofungua, hata skrubu, anakifunga kwenye karatasi na kuandika ni cha mashine gani, siku gani, saa ngapi. Ni tabia ya jeshi, haikumtoka.

Lakini kwa Luc huyu hakuwa fundi tu. Ndiye parrain, msimamizi wa ndoa yake. Ndiye aliyesimama mbele ya mahakama akiwa na medali zake zote, akaomba kijana asihukumiwe miaka kumi. Ndiye aliyemwandikia kila mwezi. Luc alipotoka gerezani, na hakuna mwenye gari Bukavu nzima aliyetaka kumpa funguo, Honoré ndiye aliyezunguka naye mlango kwa mlango mpaka akapata kazi. Mtoto wa Luc, Gloire, alibatizwa mikononi mwake.

Njiani Luc alijitafutia sababu. Labda mtu aliiba karatasi. Labda Honoré aliandika tu, mwingine akaichukua.

Alipofika akaweka ile karatasi juu ya kinu.

Honoré alivua miwani, akaifuta unga, akaivaa tena. Akasoma. Kisha akazima motori, na banda likanyamaza.

"Ni kwa Agathe njo ilitoka," akasema. Hakuuliza. "Nilitafuta ile sac siku mbili. Ilikuwa imekwisha kwenda na maiti."

Hakukana neno hata moja. Alimweleza Luc kwa sauti ile ile aliyozoea kuwafundishia kambini. Saa kumi na moja jioni, kikosi kikiwa Bunyakiri, Luc na Télesphore walipokwenda kula, alipanda ndani ya gari akatoa percuteur. Alikuwa na hofu ya kukaguliwa mfukoni, akaisukuma chini ya nguo ndani ya sac ya dereva, akidhani keshokutwa ataitoa.

Sababu yake ilikuwa kilima. Walikuwa wametumwa kupiga kilima chenye shule ya mabati mekundu, kwa habari kwamba wapiganaji wamelala pale. Honoré alikuwa amepata habari nyingine. Wapiganaji walikuwa wameondoka tangu siku tatu, na ndani ya shule kulikuwa na wakimbizi wa vita, familia na familia. Alikwenda kwa mkubwa wao. Akaambiwa arudi kwenye spana zake.

"Nikasema mzinga ikatae. Gari irudi, tupoteze siku mbili, batu batoke kule." Akatazama mikono yake. "Nilipiga hesabu ya kilima, Luc. Sikupiga hesabu ya barabara."

Luc angeweza kulimeza hilo. Najua hamtaniamini, lakini angeweza. Alikuwa amewahi kukiona kile kilima kwa darubini.

Asiloweza kulimeza ni lililofuata.

"Na jioni?" akauliza. "Nani aliweka ingine?"

"Ni miye."

"Mbele ya kukagua."

"Mbele ya kukagua. Kabla bafike, niliitosha ingine mu stock."

Honoré alisema aliogopa. Aliona maiti ya Télesphore ikishushwa, akaona atelier nzima, karakana yao, ikipigwa risasi, mafundi sita wenye watoto. Mikono ilifanya kabla ya kichwa. Baadaye, alisema, kila mwezi aliketi kumwandikia Luc ukweli, na kila mwezi aliishia kumwandikia habari za mvua.

"Ulisimama mu tribunal," Luc akasema, "ukaambia bajuji miye ni mutoto muzuri mwenye alishikwa na hofu."

"Ndiyo."

"Ukaniombea huruma ju ya makosa yako."

"Ndiyo, mwana wangu."

Luc alimwambia asimwite hivyo tena. Hakupaza sauti. Mama mmoja aliyekuja na beseni la mihogo alichungulia, akaona sura zao, akarudi alikotoka.

Luc alikuwa amekwisha kugeuka aondoke. Alikuwa na jina, na jina ndilo alilotumwa. Lakini hatua ya pili ikamgomea. Kulikuwa na kitu hakikai sawa. Siku ile kikosi kizima kilikuwa kambini Bunyakiri, hakuna aliyetoka, hakuna aliyeingia. Lengo la kesho lilijulikana kwa watu wanne tu. Honoré hakuwa mmoja wao.

Akauliza nani alimwambia habari za kilima. Na nani alimwambia nani yuko ndani ya shule.

Kwa mara ya kwanza mzee aliangalia pembeni.

"Ile jina sitakupa," akasema. "Iko na mwenyewe. Rudi kwako, ukaulize."

"Kwangu wapi?"

"Kwako, Luc. Ndani ya nyumba."

*

Kutoka soko la Kadutu kwenda Cimpunda ni kupanda tu. Luc alipanda kwa miguu. Waendesha moto, pikipiki za kukodi, walimwita, hakuwasikia.

Alikuwa anahesabu. Mchana wa siku ile, kambini, alikuwa amepiga simu moja. Haikuruhusiwa, lakini alipiga. Alimwambia mkewe asiogope, kesho wanapanda kilima cha shule ya mabati mekundu, yeye atakuwa ndani ya chuma, hata mkono hautatoka nje. Alisema hivyo ili mwanamke apate usingizi.

Alipoingia, mkewe, Anne-Marie, alikuwa ameketi uani anachagua maharage. Kando yake mdogo wake, Merveille, alikuwa anamsuka Gloire. Merveille anaishi nao tangu vita vilipomtoa kijijini. Ndiye aliyekaa na Gloire wakati Luc yuko gerezani, na mtoto anamwita mama mdogo.

Luc alimtazama Merveille kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Ile mwaka," akamwuliza, "ile tarehe kumi na kenda ya mwezi wa nane, ulikuwa wapi?"

Merveille alishangaa. Akajibu kwamba si anajua, walikuwa kule juu shuleni, yeye na homa yake, barabara zimefungwa. Siku ile ndiyo aliazima simu ya mwalimu akampigia dada yake.

Ungo wa maharage ukasimama mikononi mwa Anne-Marie.

"Merveille," akasema, "peleka mutoto kwa jirani."

"Gloire aende," Luc akasema. "Merveille abaki."

Mtoto akaondoka na nusu ya kichwa kimesukwa. Luc akaweka karatasi juu ya maharage. Anne-Marie hakuwa anaujua mwandiko ule, lakini tarehe aliijua. Akaketi hivyo, na kope zake zikawa kama zimeshonwa chini.

Alisema yote bila kuombwa mara ya pili. Asubuhi ile Merveille alimwambia wako watu zaidi ya mia mbili ndani ya shule, na wapiganaji wameondoka. Mchana mumewe akampigia, akamwambia kesho anakwenda kupiga shule hiyo hiyo.  Kisha akampigia parrain, akamlilia saa nzima. Ni yeye aliyesema mzinga uharibike. Honoré hakutaka. Anne-Marie akamwambia kama hataki, basi kesho aje mwenyewe amzike Merveille.

Merveille aliteremka kwenye kiti chake mpaka chini, akakaa sakafuni. Hakuwa anajua. Ilionekana wazi kwamba hakuwa anajua. Miaka mitano alikuwa amemhurumia shemeji yake mwoga.

"Nilikupigia simu miye," Luc akasema. "Nilikuwa kwa simu na wewe, Mama Gloire. Ungeniambia. Neno moja tu, Merveille iko kule."

"Sikukuambia."

"Ju ya nini?"

Anne-Marie akainua macho. Katika ndoa yao yote hakuwa amewahi kumtazama hivyo, kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni.

"Ju nilijua utapiga," akasema. "Ulikuwa unapenda amri kuliko batu. Ningekuambia, ungelia, na asubuhi ungepiga."

"Haukuniuliza."

"Ningekuuliza, na ungesema ndiyo, je? Ningefanya nini?"

Luc alitaka kumwambia asingepiga. Alifungua kinywa aseme. Neno likamkwama, kwa sababu alijiona ndani ya lile gari, asubuhi ile, mkono kwenye kamba, anangoja sauti ya redio. Na kumkwama huko kulimkasirisha zaidi ya yote aliyosikia siku hiyo. Walikuwa wamemnyima hata nafasi ya kujijua.

Akakumbuka Jumapili za gerezani. Kila Jumapili, bila kukosa, Anne-Marie alipanga foleni tangu alfajiri na sahani ya bugali na samaki, amevaa vizuri. Wafungwa wengine waliachwa na wake zao mwezi wa tatu. Luc alijivunia. Alikuwa anawaambia: wangu hajakosa hata mara moja.

"Ulikuwa unaniletea chakula," akauliza, "ao ulikuwa unakuja kuangalia kama ningali sijui?"

Anne-Marie akaokota kijiwe katika maharage, akakitupa.

Simu ya Luc ikalia. Ilikuwa Agathe. Luc akaifungua sauti ili wote wasikie, akaiweka juu ya maharage, palepale kwenye karatasi.

Agathe alisalimia, akauliza kama jina limepatikana. Alizungumza taratibu sana, kama mtu ambaye hayuko peke yake chumbani.

Luc akaisukuma simu mbele ya mkewe.

"Jibu wewe," akasema. "Ni bwana yake njo alikufa."

Merveille akamshika dada yake goti. Anne-Marie akaichukua simu kwa mikono miwili. Alikohoa. Wakati wote huo alikuwa anamtazama Luc usoni, na Luc, Mungu amsamehe, alikuwa anamngoja. Hata sasa, baada ya yote hayo, kulikuwa na kona moja ndani yake inayomngoja aseme, ili wapate pa kuanzia.

"Mama Agathe," Anne-Marie akasema. "Ni Parrain Honoré. Njo aliitosha. Yeye peke yake, hakuna mwingine."

Merveille aliuondoa mkono wake kwenye lile goti.

 Upande wa pili cherehani ya mtu mwingine ikasikika mbali, ikatulia, na Agathe akavuta pumzi.

"Parrain iko hapa kwangu," akasema. "Alifika na moto, sasa hivi tu. Ameandika barua mbili ya auditeur. Moja iko na jina yake tu. Ingine iko na jina yake na jina yako. Ameniambia nichague mwenyewe ya kupeleka leo, ju aliyekufa ni wangu." Karatasi ikasikika ikikunjwa. "Nikamwambia angoje. Acha nimusikilize kwanza Mama Gloire. Kama atasema kweli kwa kinywa yake, nitapasua ile ya majina mbili."

Anne-Marie alisema jina la Agathe mara mbili. Simu ilikuwa imekwisha kukatika.

Akapiga tena. Haikupokelewa. Akapiga tena.

Ofisi ya auditeur hufungwa saa tisa na nusu, na ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Kutoka Cimpunda mpaka Muhumba, kwa moto mwenye haraka, ni robo saa. Agathe alikuwa hajawahi kumkatalia Luc kitu. Luc angemkuta mlangoni, akamwomba, angesikilizwa. Wote watatu pale uani walilijua hilo.

Anne-Marie aliweka simu chini, akamtazama mumewe, akangoja aone atakavyokimbia.

Luc akavuta kiti, akaketi.